Picha Ni ya Nani?

Wapiga picha wa Afrika wanaosifiwa zaidi duniani leo, wengi wao walikuwa wenye maduka. Mteja aliingia, akajiweka sawa mbele ya kioo, akakaa mbele ya kamera, akalipa, akaambiwa arudi baada ya siku mbili tatu kuchukua picha yake. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi Seydou Keïta mjini Bamako, na Malick Sidibé baada yake, na hivyo ndivyo walivyofanya Oza wa Unguja, Parekh wa Mombasa na Bakor wa Lamu. Wengine walishika njia ya magazeti na televisheni, wakaifuata habari kwenye risasi, njaa na maandamano: Peter Magubane, Ernest Cole, Mohamed Amin. Na tangu miaka ya 1990 limezuka kundi la tatu, la wasanii wanaopiga picha kwa ajili ya ukuta wa jumba la maonyesho. Kazi za makundi haya huvutia kwa sababu tofauti, na tofauti hiyo haiko kwenye lenzi wala kwenye kipaji peke yake. Iko kwenye jambo la kawaida kabisa: picha ilipigwa kwa ajili ya nani, na ilipokwisha kusafishwa ilikwenda mikononi mwa nani.

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua kamera mapema. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa na studio za Wagoa, ya A. C. Gomes ikiwa miongoni mwa zilizovuma. Biashara yao ilikuwa na pande mbili. Masultani, matajiri na maofisa walikuja kupigwa picha ili sura zao zibaki. Upande wa pili zilitengenezwa kadi za posta za kuwauzia abiria wa meli, na humo wamo wanawake waliojifunga kanga, wachukuzi na wachuuzi. Wa kwanza waliandikwa majina yao. Wa pili waliandikwa aina tu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi. Kwa ufundi, picha hizo zinalingana; mwanga ni uleule na kamera ni ileile. Lakini anayezitazama leo huona mara moja kwamba sultani anamtazama mtu aliyelipwa naye, ilhali mwanamke wa kadi anasubiri kuambiwa aondoke.

Studio za kizazi kilichofuata ziliegemea upande wa mteja. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, akawapiga picha watu wa kasri na watu wa mtaani pia. Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilishamiri kuanzia miaka ya 1940, na wateja wake walikuja na sinema kichwani: filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza majumba ya sinema ya pwani, na wachumba walitaka wapigwe wakitazamana kama mastaa wa kwenye bango. Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993), aliyejifundisha mwenyewe, alikwenda mbali zaidi. Alikata picha kwa mkasi, akazipanga na kuzipiga upya, hata sura ya mteja ikachomoza katikati ya ua. Kazi ambayo leo programu ya simu huimaliza kwa sekunde chache, yeye aliihangaikia kwenye chumba cha giza. Baadaye, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha wa mtaani walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na msafiri aliyetoka bara kutafuta kazi akapigwa picha ya safari ambayo hajaifanya.

Kazi hizi hazijulikani duniani kama za Bamako, na sababu si udhaifu wake. Katika familia nyingi za Kiislamu za pwani picha ya mke au binti haikuwa kitu cha kutundikwa sebuleni, sembuse kwenye dirisha la studio. Ilikaa ndani ya albamu, na albamu ikakaa ndani ya kabati, ikifunguliwa wanapokuja shangazi na mawifi. Mpiga picha aliyejua heshima hiyo aliitunza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi bora ya pwani haikupigwa ili ionwe na mgeni, na mpaka leo haijaonwa.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako karibu mwaka 1921, akafundishwa useremala. Mwaka 1935 jamaa wa ukoo wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Mwaka 1948 alifungua studio mtaa wa Bamako-Coura, karibu na jela kuu na si mbali na stesheni ya reli inayotoka Dakar, kwa hiyo hata wasafiri walipita kwake. Alitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Mwanga ulikuwa wa jua, uani. Negativu zilikuwa ghali, na kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu.

Hiyo mara moja tu ndiyo siri ya nusu ya kazi yake. Mtu anayejua kwamba hakuna ya pili, na anayempiga naye anajua hivyo, hawafanyi mambo kwa pupa. Keïta alimpanga mteja kama fundi anavyopanga mbao kabla ya kupiga msumari: bega liangalie upande huu, shingo igeuke kidogo, vidole viwe virefu juu ya goti, vazi litandazwe lionekane lote. Studioni aliweka suti tatu za Kizungu kwa asiye na yake, na vitu vya kushika: kalamu, saa, redio, simu, maua ya plastiki. Nje palikuwa na skuta, na gari lake la Peugeot nalo likaingia kwenye picha nyingi.

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1959. Kijana amevaa koti jeupe na tai, miwani yenye fremu nene nyeusi, kalamu zimechomekwa mfukoni. Mkononi ameshika ua moja, ameliinua mbele ya kifua. Ua hilo halisemi lolote kuhusu kazi yake, kabila lake wala umri wake, na wala halimfanyi aonekane mpumbavu, jambo ambalo lingeweza kutokea kwa urahisi. Ameshika ua kwa sababu ameona linampendeza. Mtazamaji wa mbali, aliyezoea picha za Mwafrika akiwa amebeba mkuki au bakuli, hana pa kumweka kijana huyu, na kutokuwa na pa kumweka ndiko kunakomfanya aitazame tena.

Picha nyingine ina mwanamke aliyejinyoosha ubavu. Gauni lake lina nakshi, shuka alilolalia ni la mirabamiraba, na pazia la nyuma lina nakshi nyingine tena. Kwa kanuni za kufundishwa darasani hilo ni kosa, maana mtu angemezwa na vitambaa. Hakumezwa. Uso na mikono yake vimetulia kabisa katikati ya vurugu hiyo. Anayejua kanga, na namna pindo na mji wake vinavyoweza kugombana bila kuharibiana, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1962 hivi, baada ya uhuru wa Mali, Keïta aliajiriwa kuwa mpiga picha wa serikali, na muda si mrefu studio ikafungwa. Negativu zake, zaidi ya 10,000, zilibaki kwenye masanduku. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai, Bamako. Waliovutiwa walikwenda kumtafuta, wakampata, na mwaka 1994 maonyesho yake yakafanyika Fondation Cartier mjini Paris. Alifariki Paris mwaka 2001. Wapo wanaosema kwamba picha iliyotolewa kwa ukubwa wa kiganja ili mteja aitume kwao, ikikuzwa hadi mita moja na kutundikwa ukutani, si picha ileile tena. Wanayo haki. Lakini negativu kubwa ilikuwa imebeba kila uzi wa kitambaa tangu siku ile ya kwanza. Kilichokosekana Bamako kilikuwa karatasi, si picha.

Malick Sidibé, aliyezaliwa kijiji cha Soloba katikati ya miaka ya 1930, aliingia mjini kwa njia ya kuchora. Mfaransa mmoja mwenye duka la picha alimwita mwaka 1955 alipambe duka lake, naye akabaki akijifunza kazi. Keïta aliwasubiri watu studioni. Sidibé aliwafuata walipo. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa Bamako walianzisha klabu kwa majina ya wanamuziki na mitindo waliyoipenda, wakacheza santuri za twist na rumba usiku kucha. Sidibé alizunguka na baiskeli na kamera nyepesi yenye flashi, dansi hili hadi lile, mara nyingine manne au matano kwa usiku mmoja. Alfajiri alirudi Studio Malick, mtaa wa Bagadadji, akasafisha mikanda, akabandika picha ndogondogo kwenye kadi na kuzitoa nje. Vijana wakaja kujitafuta, wakaonyesha kwa kidole ipi wanaitaka.

Katika picha yake ya Krismasi ya mwaka 1963 mvulana aliyevaa suti nyeupe na msichana aliyevaa gauni jepesi wanacheza. Vichwa vyao vimekaribiana sana, na wote wawili wanatazama chini, kwenye miguu. Msichana yuko pekupeku. Hakuna anayeitazama kamera. Kwa mpiga picha wa dansi hili ndilo gumu kuliko yote, maana flashi ikipiga kila mtu hugeuka. Ili wasigeuke, lazima mpigaji awe amekuwepo kiasi cha kusahaulika. Sidibé alifikia hapo kwa sababu alialikwa, na kwa sababu kesho yake picha zingerudi kwa walewale. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Alifariki mwaka 2016.

Wengine wawili hutajwa pamoja nao ingawa njia zao ni nyingine. J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga misuko ya nywele, mara nyingi kutoka nyuma, akafikisha karibu mitindo elfu moja. Kwa Wanigeria kila msuko una jina lake, kama vile mtindo wa twende kilioni unavyojulikana kwa wasusi wa Dar es Salaam. Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni mwaka 1962, alifungua studio Bangui akiwa na miaka 13. Mkanda wa wateja ulipobakiza picha chache, alizimalizia kwa kujipiga mwenyewe ili amtumie bibi yake Nigeria. Kujipiga huko kukawa kazi ya maisha: mwaka 2008 alijigeuza Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Angela Davis na wengineo katika mfululizo mmoja, kila mmoja kwa mavazi na pozi lake. Kwa Fosso mteja na mpiga picha ni mtu mmoja, na swali la nani kamwomba nani linageuka mchezo.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi hali ilikuwa kinyume. Huko aliyepigwa picha mara nyingi hakuweza kuiomba, na aliyepiga hakuruhusiwa kupiga. Jarida la Drum, lililoanza mwaka 1951, lilikuwa shule ya wengi. Peter Magubane alianzia hapo, na mwaka 1956 huko Zeerust, ambako waandishi walizuiwa, aliificha kamera ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Baadaye alifungwa siku 586 peke yake bila kuhukumiwa. Ernest Cole, aliyezaliwa mwaka 1940, aliibadili tahajia ya jina lake na kujiandikisha upya kama mtu wa rangi mchanganyiko, ili sheria za pasi zisimzuie kutembea na kamera. Katika moja ya picha zake maarufu, wanaume walioajiriwa migodini wamesimama uchi katika mstari, nyuso ukutani, mikono juu, wakisubiri kupimwa afya. Hakuna uso hata mmoja unaoonekana. Kwa picha nyingine hilo lingekuwa upungufu; hapa ndilo shtaka lenyewe, kwamba mfumo ule ulitaka migongo na misuli tu. Na kwa kuwa nyuso hazionekani, Cole hakumwaibisha yeyote kati yao. Aliondoka nchini mwaka 1966, kitabu chake House of Bondage kikatoka New York mwaka 1967 na kupigwa marufuku kwao. Alifariki New York mwezi Februari 1990, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani.

Mohamed Amin ndiye anayeipima kwa ukali zaidi hoja hii ya picha ni kwa ajili ya nani, maana picha zake kubwa zilipigwa waziwazi kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko mwaka 1963 akaanzisha kampuni ya picha ya Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimpa jina. Zanzibar hiyohiyo ilimweka gerezani karibu mwezi mmoja mwaka 1966. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Amin aliwahi, akaingia kwenye gari la wagonjwa na kuendelea kupiga picha. Oktoba 1984 alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 Oktoba, kisha mamia ya vituo duniani vikairudia. Kabla ya mwaka kwisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wamerekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid mjini London na Philadelphia.

Kinachovutia katika picha za Korem ni mwendo wake. Kulipokucha, kamera inapita polepole juu ya watu waliojifunika shuka kwenye baridi ya nyanda za juu, haikimbilii mtoto aliyekonda kuliko wote wala haimrukii anayelia. Wapiga picha wengi wa njaa hawakuwa na subira hiyo. Lawama zilizofuata nazo zina msingi: kwa kizazi kizima cha Ulaya na Marekani, Afrika ikawa Korem, na vita na siasa za utawala wa Mengistu wa Ethiopia vilivyoikuza njaa hiyo havikuonekana kwenye kioo. Kuitupia kamera lawama hiyo yote, hata hivyo, ni kuwasamehe wahariri. Amin huyohuyo alikuwa ametoa mwaka 1978 kitabu cha picha za hija ya Makka, na vingine kadhaa kuhusu Kenya na Tanzania, ambavyo dunia haikuvichangamkia kiasi hicho. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro.

Tatizo la picha ya mateso halikuishia kwake. Mwaka 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeinama chini huko Sudan, tai akiwa nyuma yake. Wasomaji wa New York Times walipiga simu kuuliza mtoto alifikia wapi, na gazeti halikuwa na jibu la uhakika. Mbrazil Sebastião Salgado alifika mwaka 1994 katika kambi ya Benako, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, ambako Wanyarwanda kama robo milioni walikuwa wamevuka mpaka kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili. Picha zake za kambi hiyo, zenye moshi, miale ya jua na mahema yasiyo na mwisho, ni nzuri kiasi cha kumtia mtu mashaka. Mwandishi Susan Sontag alieleza mashaka hayo mwaka 2003: nyuso za Salgado hazina majina, ilhali watu mashuhuri hawapigwi hata siku moja bila jina. Ni lawama ileile inayostahili kadi za posta za Unguja, ingawa huruma ya Salgado haina shaka.

Wa kizazi kipya wamelijibu swali hili kwa kuirudisha picha mtaani. Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, hakutosheka na kuchapishwa gazetini. Kwa mradi wa Picha Mtaani alizitundika picha hizo barabarani mijini, mbele ya watu walioishi yaliyomo ndani yake, wengine wakiwa wamepoteza ndugu na wengine wakiwa wamebeba mapanga. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za kampuni ya madini ya kikoloni, akawakata wafanyakazi na wafungwa wenye minyororo shingoni, akawasimamisha katika picha zake mwenyewe za rangi za viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines vilivyochakaa. Ni mkasi wa Bakor, kwa kazi nyingine. Mwaka 2008 Baloji na wenzake walianzisha kituo cha sanaa mjini humo, wakakiita kwa neno ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua: Picha.

Kazi hizi zote hutegemea pia bahati ya masanduku. Studio ya Fosso huko Bangui iliporwa katika vita mwaka 2014, na negativu zikatupwa barabarani. Waandishi wa habari waliokuwa wakipita ndio waliookoa sehemu yake. Negativu za Cole kama 60,000, zilizodhaniwa zimepotea, zilitokea mwaka 2017 katika benki ya Stockholm. Kampala, kabati la shirika la utangazaji la taifa lilikutwa mwaka 2015 na negativu kama 70,000, nyingi za zama za Idi Amin, na baadhi zikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019: sherehe, mikutano na magwaride, na karibu hakuna lolote la waliotoweka. Studio za pwani hazikupata wa kuzifungulia kabati kwa namna hiyo.

Masanduku ya Keïta nayo yalipofunguliwa, wateja wengi hawakuwa na majina tena, na tarehe zilikuwa zimesahaulika. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake, lenye vishada pembeni, na kila baada ya miaka miwili mitatu lilipochakaa aliweka jingine. Mzee akashika picha mojamoja, akatazama kitambaa kilichoko nyuma ya mtu, akataja mwaka.